Rejeta ya Kwenda Sokoni

Nyumbani, 3 Machi

Mkwe wangu mpendwa,

Nimefika kwenye neno hilo baada ya kuharibu karatasi mbili. Ya kwanza niliandika "Binti", nikaona najipendekeza. Ya pili niliandika "Bibie", nikaona kama namwandikia mwenye duka la vitambaa. Nimerudi kwenye mkwe. Talaka aliiandika mwanangu. Mimi sikuulizwa wala sikutia saini, kwa hiyo kwa upande wangu mambo yako kama yalivyokuwa.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara zote tatu nilizokupigia tulisalimiana, tukaulizana kuhusu mvua, kisha mimi nikasikia nyundo za karakana yenu, wewe ukasikia saa zangu zikigonga ukutani, tukaagana. Kwenye barua angalau mtu anasikilizwa mpaka mwisho.

Shida yangu ni rejeta. Gari linakaribia kwisha. Ndiyo, lile lile. Chasisi uliyokuwa ukianikia nepi sasa ina magurudumu, usukani, viti viwili mbele na kimoja kidogo nyuma, na usiniulize cha nani. Injini ni ya petroli, silinda nne, nimeitoa kwenye gari la mtu aliyegonga nguzo kwa nyuma, kwa hiyo mbele palikuwa pazima. Boneti nimeigonga mwenyewe kwa nyundo ya mbao, miezi mitano. Ni nyembamba, imechongoka, imepakwa rangi ya kijani. Wapita njia wanasimama. Jana mmoja alivua kofia, ingawa nadhani alikuwa anajikuna.

Mdomo wa boneti hiyo una upana wa sentimita thelathini na nane. Nataka rejeta ndogo, safi, ikae humo kama kioo kinavyokaa kwenye saa. Wewe ndiye fundi rejeta pekee ninayemjua, na hata ningewajua kumi ningekuandikia wewe.

Gari ni la kwenda sokoni na kurudi. Kilomita nne, njia tambarare.

Nisalimie mjukuu wangu Kasuku. Bado anaongea mpaka usingizini?

Mkweo,
Fundi Saa


Karakana, 9 Machi

Shikamoo Baba,

Hata mimi nilikwama pale pale, nikakumbuka shikamoo haina talaka.

Nimefurahi kwamba gari lipo hai. Nilidhani limeshageuka banda la kuku. Sasa nisikilize, na usinune. Rejeta haichaguliwi kwa sura ya boneti. Inachaguliwa kwa kazi: injini inatoa joto kiasi gani, feni inavuta vipi, gari linabeba nani na linakwenda wapi. Gari likiwa barabarani linakimbia, upepo unaingia wenyewe, hata rejeta ya kuazima inatosha. Likitambaa mlimani kwa gia ya kwanza, upepo hakuna na injini ndiyo inawaka. Hapo ndipo rejeta ndogo inapomuumbua mwenye nayo.

Leo mezani kwangu kuna rejeta nne na zote zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Wenyewe hawakusema ukweli kuhusu safari zao. "Mama fundi, natembelea mjini tu." Ukiifungua ndani unakuta matope ya mito mitatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa hiyo nakuuliza tena, kwa heshima zote: gari linakwenda wapi?

Vipimo vyako siviamini. Si kwa ubaya. Wewe unapima kwa darubini ya saa kitu kinachopimwa kwa viganja. Chukua karatasi ngumu, ikate mpaka iingie sawasawa kwenye mdomo wa boneti, unitumie karatasi yenyewe. Mpe dereva wa lori la saruji, yule anayekuja kwako kurekebishiwa saa, anapita hapa mara tatu kwa wiki.

Huku hakuna jipya. Kasuku ana miaka saba sasa, na ndiyo, anaongea. Juzi mwalimu wake aliniita kuniomba nimnyamazishe. Nikamwambia mimi nimeshindwa tangu mwaka wa kwanza, yeye ajaribu.

Mkweo,
Fundi Rejeta


Nyumbani, 11 Machi
(haikutiwa kwenye bahasha)

Mkwe wangu,

Umesema huku hakuna jipya. Dereva wa lori amekaa kwenye kiti cha wateja wangu, amekunywa chai yangu, na ameniambia jipya lote. Tajiri wako anahamisha karakana. Mwendo wa siku mbili kutoka hapo, upande wa pili kabisa. Tarehe thelathini mnaondoka. Vyombo umeshaanza kufunga.

Sikukasirika. Uongo, nimekasirika. Nimezunguka chumba hiki mara sijui ngapi, nikafungua saa ya mteja na nikasahau ilikuwa na ugonjwa gani.

Unauliza gari linakwenda wapi. Sokoni mimi naenda kwa miguu, unanijua. Gari linakuja kwako. Siku mliyoondoka, Kasuku alikuwa amekaa kwenye boksi katikati ya chasisi, anaendesha kwa mfuniko wa sufuria. Alikataa kushuka. Nikamwambia shuka, babu akimaliza gari atakuja kukuchukua nalo getini mwa shule, wenzako wote waone. Akashuka. Miaka mitatu imepita, na mtoto yule hasahau kitu.

Kwa basi nimekuja mara mbili. Hilo hulijui. Mara ya kwanza nilifika mpaka kona ya mtaa wenu. Mara ya pili sikutoka hata stendi. Nilikaa na mfuko wa machungwa mpaka basi la kurudi likajaa. Ningesema nimekuja kama nani? Baba wa mtu aliyekutenda? Mkwe asiyealikwa hana pa kusimama. Lakini mtu mwenye gari, mama, ana ruhusa ya kubisha hodi kwa fundi. Hakuna anayemuuliza mteja amekuja kufanya nini.

Sasa nimebakiwa na siku kumi na tisa, na mlima wa kona kumi na moja, na gari lisilo na


Nyumbani, 12 Machi

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Karatasi hiyo hapo, imekatwa barabara, ukiinua utaona mdomo wa boneti yangu kama ulivyo. Karatasi ngumu sikuwa nayo. Nimegandisha nne kwa gundi ya unga, zilizokuwa mezani, zikakauka juani.

Swali lako nimelijibu na ninalijibu tena. Sokoni. Mara moja moja posta. Mlima siujui na haunijui. Feni ni ya chuma, mapanga manne, inazungushwa na mkanda wa injini.

Naomba jibu la haraka. Si kwamba nina haraka.

Mkweo,
Fundi Saa


Karakana, 17 Machi

Shikamoo Baba,

Karatasi nimeipata. Nimeiangalia kwa makini, mbele na nyuma.

Nimekuchagulia rejeta. Lori linakushushia leo, usishtuke ukubwa wake. Imetoka kwenye pikapu iliyokuwa inabeba mawe. Ni ya shaba, ina safu tatu za mirija, siyo moja kama zile unazozitaka wewe. Nimeiosha kwa dawa, nimeilehemu pembe zote mbili kwa mkono wangu, nimeizamisha kwenye beseni la maji na kuijaza upepo, haikutoa hata povu moja. Mfuniko ni mpya. Mipira ya maji nimeweka ndani ya gunia.

Upana wake ni sentimita hamsini na mbili. Najua. Itabidi ukate boneti, kila upande saba. Usinipigie kelele. Kata, kunja ukingo, upake rangi, maisha yaendelee.

Utaniuliza kwa nini mtu wa sokoni apewe rejeta ya kubebea mawe. Jibu ni foleni. Gari likisimama kwenye foleni ya sokoni linachemka kuliko lililo mlimani. Hilo ni jambo la kitaalamu, usibishane nalo.

Ifunge mapema, Baba. Ijaribu kabla ya tarehe ishirini na tano. Sina sababu, nasema tu.

Mkweo,
Fundi Rejeta


Nyumbani, 22 Machi

Mkwe wangu,

Nimeipokea, nimeishangaa, nimeizunguka kama mtu anayezunguka ng'ombe wa mnada. Ni kazi safi. Lehemu yako imetulia kama ya sonara na sioni haya kusema hivyo.

Lakini boneti sikati. Siku tatu nimesimama mbele yake na mkasi wa bati mkononi. Ile ni kazi ya miezi mitano. Ukimkata mtu mdomo kila upande saba, anabaki nani? Na soko letu halina foleni. Lina mbuzi wawili na mwenye baiskeli.

Kwa muuza vyuma chakavu nimepata rejeta nyembamba, sentimita thelathini na saba na nusu. Imeingia kama pete kidoleni. Nimekwenda nayo sokoni mara tatu leo, na mshale wa joto haukupita katikati. Haukutikisika hata. Yako nimemrudishia dereva kwa shukrani nyingi, usiione kama dharau, utaipatia mwenye mawe.

Usiniandikie siku chache zijazo. Nitakuwa na shughuli.

Mkweo,
Fundi Saa


Karakana, 23 Machi

Baba,

Shikamoo nitaitoa mwishoni, nikitulia.

Gundi yako ya unga haikuuweza mvuke wa karakana. Niliitundika ile karatasi ukutani juu ya pipa la maji ya moto, ili niipime nikirudi kutoka kula. Niliporudi ilikuwa imeachana na kuwa karatasi nne, mbili zimeanguka chini, na fundi mwenzangu anaziokota anasema, "Dada, mteja wako kaandika barua kwenye kipimo." Umeikata pembeni, mistari haina vichwa wala mikia, lakini niliyoyasoma yametosha. Stendi. Machungwa. Mfuniko wa sufuria.

Nimekuwa nayo siku saba na sikusema. Nikasema nikimwambia nimesoma, ataona aibu, hatakuja. Nikakutengenezea rejeta ya mlima, nikakudanganya ni ya foleni. Nilidhani nina akili sana. Sasa umenirudishia, iko hapa miguuni kwangu, na umesema una shughuli. Najua shughuli yako.

Usije na hiyo nyembamba. Nakuomba. Sokoni imekudanganya kwa sababu sokoni ni tambarare, mshale ungetulia hata ungeweka sufuria. Ina safu moja ya mirija, na mlimani gari litapanda kwa gia ya kwanza robo tatu ya saa, maji yatachemka kabla hujafika katikati, na ukiendelea kichwa cha injini kitapinda, na hapo hakuna rejeta duniani itakayokusaidia. Kwenye haya mimi ndiye mkuu, Baba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kuhusu kuhama. Nilikuficha. Niliogopa utamwambia mwanao, naye akisikia atakuja na maneno, na mimi nimechoka maneno. Lakini si hilo tu. Niliona haya. Ulinilea kwenye nyumba ile kuliko mama yangu alivyonilea, halafu nikakuondolea mtoto mara ya kwanza, na sasa nakuondolea mara ya pili, kwa mbali zaidi. Nitaiandikaje hiyo? Nikaandika huku hakuna jipya.

Subiri hapo hapo. Tutatafuta njia nyingine.

Shikamoo.

Mkweo


Kona ya nne, 24 Machi

Mkwe wangu,

Barua yako imenikuta njiani. Dereva alikuwa anashuka, akaniona nimekaa kwenye jiwe, akasimamisha lori katikati ya barabara na kunipa bahasha kama karani wa mahakama. Nimeisoma yote. Akipanda jioni atakuletea hii.

Niliondoka nyumbani kulipopambazuka. Kona ya kwanza nilikuwa naimba. Ya pili mshale ukaanza kupanda, nikajiambia ni jua. Ya tatu nikasikia harufu ya mpira. Ya nne mvuke ukatoka boneti nzima, sioni barabara, nikazima na kusukumia ubavu kwenye ukuta wa mlima. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa kona nne.

Injini nadhani imepona, nilizima mapema. Kiganja nimekiunguza kidogo, usijali, ni cha kushoto. Wafanyakazi wa barabara wana kibanda hapa, wamenipa maji na kitanda cha mbao, na maoni yao kuhusu gari langu. Mmoja ameuliza kama ni la kuendesha au la kufukiza.

Nilikuwa na aibu ulipotaja machungwa. Halafu aibu ikaisha, nikabaki nimechoka tu, na nafuu. Mwanangu sijamwambia kitu na sitamwambia. Si kwa kukupendelea. Angetaka kujua angeuliza, na miaka mitatu hajauliza.

Huna deni la njia nyingine. Umeshafanya mengi. Lakini naandika kama mteja, tena mteja aliyekosa: ile rejeta ya mawe, kama hujaiuza, naihitaji. Na nina siku sita.

Baba wa mtu, mkwe wa mtu,
Fundi Saa


Karakana, 25 Machi, alfajiri

Baba, shikamoo.

Nampa hii mwenye gari la maziwa, anashuka kabla yangu. Usifungue mfuniko wa rejeta hata kama imepoa. Usiongeze maji baridi. Usiguse kitu chochote.

Isipokuwa boneti. Nakuja na lori la saa mbili, na rejeta, na lehemu, na mtu anayeongea toka saa kumi usiku. Nikifika nikute imekatwa. Kila upande saba.

Mkweo


Mji mpya, 15 Aprili

Shikamoo Baba,

Tumefika salama, tumepanga vitanda, mwiko wa ugali haujulikani uko boksi gani. Karakana mpya ina paa la bati na mwangwi, tajiri akikohoa tunashtuka wote.

Sikupata nafasi ya kukuambia hili kule, maana wafanyakazi wa barabara hawakutuondolea macho. Niliposhuka kwenye lori nikaona vipande viwili vya bati la kijani vimewekwa juu ya jiwe, vimepangwa vizuri, ukingo umepigwa tupa ili visimkate mtu. Na wewe umesimama kando na mkasi, macho mekundu, unaniambia ni moshi. Moshi ulikuwa wa jana yake, Baba. Nikajifanya natafuta spana.

Kasuku bado anahadithia. Siku ile ya mwisho ulipokuja kumchukua getini mwa shule, wenzake walipouliza kwa nini gari lina mdomo mkubwa hivyo, aliwaambia linacheka. Kuhusu kiti hajalalamika, ila mimi nilimwona. Magoti yalikuwa yanagusa kidevu. Ulikipima kwa mtoto wa miaka minne. Alikaa hivyo hivyo mpaka nyumbani, hakutaka kuhamia mbele.

Sasa neno la kazi. Ile rejeta niliyokufungia ina masharti. Lazima ionwe na fundi aliyeilehemu kila baada ya miezi mitatu, bila kukosa. Si fundi mwingine, ni yule yule. Aangalie mirija, apime mfuniko, aikague kwa siku tatu au nne, maana haikaguliwi kwa siku moja. Mteja asipofika, dhamana inakufa. Ni sheria ya karakana, nimeitunga, nasema, imetungwa zamani.

Nikipiga hesabu, mara ya kwanza inaangukia mwisho wa Juni. Nyumba yetu ni ya pili kutoka kwa fundi cherehani, mlango wa buluu. Ukifika usisimame konani.

Mwanao,
Fundi Rejeta


Nyumbani, 24 Aprili

Mwanangu,

Barua imefika. Nimeharibu karatasi moja tu safari hii.

Gari linaendelea vizuri. Mshale wa joto umelala, hata niliporudi kwa kushuka na kupanda vilima vile vidogo. Watu bado wanasimama kuliangalia, ila siku hizi hakuna anayevua kofia. Vile vipande viwili vya boneti nimevifanyia kazi. Nimevipiga, nimeviunga, ndivyo vilivyopanua kiti cha nyuma. Safari hii nimepima kwa mtoto wa miaka kumi, nikaacha na tundu za kusogeza bolti.

Kuhusu sharti lako la miezi mitatu. Mimi ni mtu wa vipimo, sikuridhika, nikaenda kuuliza. Nimewauliza mafundi rejeta watatu, mmoja mmoja, bila kumwambia huyu alichosema yule. Wote wameiangalia ile kazi yako na wote wamesema neno moja: rejeta ya shaba iliyolehemiwa hivi haitaguswa miaka mitano.

Nimewaambia hawajui kazi.

Tarehe ishirini na tisa Juni, saa nne asubuhi, mlango wa buluu.

Baba